Mchumaji kutoka Bara

Mwanapili huketi jamvini akichambua karafuu, na macho yake humwandama yule mchumaji kutoka bara, Mkristo peke yake shamba zima. Vidole vya mchumaji huyo ni vyeusi kwa utomvu, na nyimbo zake huziimbia puani. Kabla hajaupanda mkarafuu hugusa paji la uso, kifua, kisha bega na bega. "Weye mbara, nzi hao wakutesa?" Nassor, mchumaji mwenzake, humpigia kelele kutoka juu ya mti, na watu huangua kicheko. Yeye hucheka nao, kisha hupanda.

Leo tawi alilokanyaga Nassor lilikatika. Waliokuwa chini walitawanyika, ila yule wa bara alilikimbilia, mikono juu. Mwanapili alimwona Nassor akimwangukia kwa kishindo. Nassor aliinuka mzima, lakini mkono wa mwenziwe ulikuwa umepinda pasipo na kiungo.

"Lahaula! Mbona hukukimbia? Na mie nakukejeli kila siku!"

"Yesu hakunikimbia mimi, ndugu yangu," akasema, meno kayauma. "We hujaumia?"

Nassor, mwenye maneno kuliko wote, alivua shati akaufunga ule mkono, fundo akalikaza taratibu asimuumize.