Msimu Ambao Baba Alilima Usinge

Ukimpelekea Shaban Awadhi baiskeli pale bandani kwake Ng'ambo, mjini Tabora, utaondoka na vitu viwili: baiskeli yako iliyotengenezwa, na kile kifaa kibovu alichokitoa, kimefungwa kwenye kipande cha gazeti. Hata kama ni gololi tatu zilizolika. Hata kama ni spoku iliyopinda. Mteja akisema, "Tupa tu, fundi, mimi naipeleka wapi?" Shaban hutikisa kichwa na kumkabidhi.

"Ni yako. Ukaitupe mwenyewe."

Ana miaka hamsini na saba, na kazi hiyo ameifanya tangu alipomaliza darasa la saba. Pikipiki zimejaa mjini siku hizi, lakini warina asali bado wana baiskeli, wauza mkaa wanazo, na wanafunzi wanaotoka vijiji vya jirani wanazo. Mwaka juzi binti yake Najiat, aliyesomea ufundi wa mitambo chuoni, alikosa ajira akaja kushika spana pamoja naye. Shaban alifurahi kuliko alivyoonyesha.

Najiat si mtu wa kukubali jambo kwa sababu tu amelikuta. Asubuhi moja, akiwa anafunga gazeti kuzunguka pedali iliyovunjika katikati, aliuliza:

"Baba, haya mambo ya kurudishia watu vyuma vibovu, nani alikuanzishia?"

"Babu yako."

"Na babu nani alimwanzishia?"

"Ukoo wetu ndivyo ulivyo," alisema Shaban. Akamweleza tena habari aliyoisikia utotoni: kwamba babu wa babu yake alibeba mizigo katika misafara ya kwenda pwani, vitambaa na shanga za watu wakati wa kurudi, na hakuna hata ushanga mmoja uliopungua. "Uaminifu uko kwenye damu yetu, mwanangu."

"Kwa hiyo Ngollo damu yake ilikuwa mbaya?"

Shaban alichukua spana yake. Aliinama juu ya gurudumu lake, na kazi ikaendelea mpaka adhuhuri.

Ngollo alikuwa fundi mwenzake. Walifanya kazi banda moja kwa miaka tisa, wakila sahani moja mchana. Kisha siku moja, sasa ni miaka kumi na moja iliyopita, mwalimu mmoja alileta baiskeli yake ya kigeni, Ngollo akatoa habu nzuri, ile sehemu ya katikati ya gurudumu inayobeba gololi, akaweka ya zamani iliyochakaa, akaisugua na kuipaka grisi ili isijulikane. Shaban aliigundua siku hiyohiyo. Aliirudishia baiskeli habu yake, akamwita Ngollo mbele ya wateja na wapita njia, akamwambia akusanye spana zake aondoke. Hakuishia hapo. Jioni ile na kesho yake alizunguka kwa mafundi wote wa baiskeli mjini, mmoja baada ya mwingine, akawaeleza. Kwa hiyo Ngollo hakupata banda lingine. Baada ya miezi michache alihama na mkewe, Theodora, wakaenda Isikizya, na Shaban hakuwahi kumfikiria kwa majuto. Alipomfikiria, alijisikia msafi.

Jumapili iliyofuata yale maswali ya Najiat, baba na binti walikwenda Kwihara kumpelekea shangazi yake Shaban tairi jipya la mkokoteni. Bi Zabibu ndiye pekee aliyebaki katika ndugu wa baba yake Shaban, marehemu Mzee Awadhi. Ana miaka themanini na kitu, anasikia vizuri, anaona vizuri, na hana subira. Walimkuta sebuleni, miguu ameinyoosha mkekani, anamenya karanga za msimu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mbona umekonda? Kaa umenye."

Wakakaa, wakamenya. Najiat, ambaye hakuwa amemaliza mazungumzo ya bandani, akasema, "Bibi, Baba anasema sisi ni ukoo wa waaminifu. Eti upo kwenye damu."

Bi Zabibu alicheka mpaka akakohoa. "Damu! Damu ina uaminifu gani? Babu yako Awadhi aliiba, mtoto wee."

Shaban alidhani amesikia vibaya. "Shangazi, unasema nini?"

"Ninasema alichokifanya. Nilikuwepo. Nilikuwa nakaa kwenu, mimi ndiye niliyekuwa nawapikia." Aliendelea kumenya karanga huku akisimulia, kama mtu anayesema habari za jirani. "Mwaka ule vifaa vilikuwa adimu, dukani hupati hata kiraka. Akaja mtu wa Usinge, mrina asali, jina lake Lugembe, na baiskeli nzima, ya zamani lakini imara. Na wakati huohuo kulikuwa na mteja mkubwa, mwenye duka, anataka habu na haipatikani. Baba yako akaitoa ya Lugembe akampa yule mwenye duka. Lugembe akawekewa kitu kilichokufa."

"Baba?"

"Baba yako. Yule mtu akaondoka na madumu yake nyuma. Akiwa porini, gurudumu likakwama ghafla, akarushwa. Akavunjika bega. Alikaa palepale njiani siku nzima mpaka wakapita wakata miti."

Najiat aliacha kumenya. Shaban alikuwa ameshika karanga moja, anaigeuzageuza tu.

"Baada ya mwezi alikuja," Bi Zabibu aliendelea. "Mkono umefungwa kifuani. Hakupiga kelele. Aliweka ile habu mbovu mbele ya baba yako, mbele za watu, akasema, 'Hii si yangu. Yangu iko wapi?' Basi. Siku ile baba yako hakula. Kesho yake akaenda kwa yule mwenye duka akaichukua habu, sijui walielewana vipi, akapanda treni kwenda Usinge."

"Safari ya biashara," alisema Shaban polepole. Wakati huo yeye alikuwa na miaka minane. Alikumbuka baba yake akikosekana nyumbani tangu mvua za kwanza hadi mahindi yalipokomaa, na watoto wakiambiwa amekwenda kutafuta vifaa.

"Biashara ipi? Alikwenda kulima. Lugembe hakuweza kuinua jembe, na mkewe alikuwa na watoto wadogo. Awadhi, mtoto wa mjini, ambaye hakuwahi kulima hata bustani ya mchicha, alilima shamba la yule mtu msimu mzima. Aliporudi viganja vyake vilikuwa kama magome. Mama yako alilia alipovishika. Tangu hapo ndipo akaanza mambo yake ya kufunga vyuma kwenye gazeti. Alitaka kila mtu aone kilichotoka na kilichoingia. Hakujiamini tena, unaelewa? Ilikuwa namna ya kujichunga."

Nje, mtu alikuwa anachunga mbuzi kwa miluzi kuelekea barabara ya zamani.

"Kwa nini hukuniambia miaka yote hii?" aliuliza Shaban.

"Hukuniuliza. Wewe ulikuwa unakuja hapa kunieleza habari za misafara." Bi Zabibu alimsogezea Najiat ungo. "Na yule wa misafara usimtaje sana, maana hakuna anayejua. Alikufa kabla hatujazaliwa sote. Labda alipunguza shanga, labda hakupunguza."

Njiani kurudi mjini Shaban alikuwa na hasira na shangazi yake, kisha na baba yake, kisha hakujua ana hasira na nani. Miaka arobaini alikuwa ameshika desturi ya baba kama mtu anayeshika cheti. Kumbe baba aliishika kama mtu anayeshika kovu. Wiki ile alifanya kazi vibaya. Alifunga cheni mara mbili akaifungua mara mbili. Mteja mmoja aliondoka bila kupewa kifurushi chake cha gazeti, na Najiat aliona.

Siku ya tano, wakiwa wanakunywa chai bandani, Shaban ndiye aliyeanza.

"Baba alikosa akakaa na yule aliyemkosea msimu mzima. Mimi mtu alikosa mbele yangu nikamfukuza mjini."

"Ulikuwa hujui habari ya babu," alisema Najiat.

"Nilikuwa sijui. Lakini Ngollo nilikuwa namjua. Miaka tisa." Akaweka kikombe chini. "Nilidhani kilichoshuka kwangu ni usafi. Kilichoshuka ni aibu ya baba. Nami sikuitambua, nikaitumia kumchapia mwenzangu."

Jumamosi alipanda bodaboda kwenda Isikizya. Hakuwa na namba ya simu ya Ngollo wala hakujua anakaa wapi, lakini alipouliza sokoni alielekezwa mara moja kwenye mashine ya kusaga karibu na njia ya kwenda kwenye ofisi za halmashauri. Ngollo alikuwa mle ndani, nywele na nyusi zimekuwa nyeupe kwa unga. Alimwona Shaban mlangoni, akamtazama, akarudi kwenye kazi yake.

Wanawake saba walikuwa wamepanga ndoo zao. Shaban alisubiri. Aliketi kwenye gogo nje akasikiliza mashine inavyonguruma, na kwa masikio ya ufundi akatambua kwamba mkanda wake umelegea upande mmoja. Mama wa mwisho alipojitwika ndoo yake, mashine ikazimwa, na Ngollo akatoka akijipangusa.

"Mwangaluka, fundi," alisema, salamu ya kwao, kwa sauti isiyo na chuki wala furaha.

"Mwangaluka." Shaban alisimama. "Ngollo, nimekuja kukuomba radhi."

"Kwa lipi? Ile habu niliitoa mimi. Hukunisingizia."

"Kukufukuza bandani, sijui. Labda hata leo ningekufukuza. Lakini kuzunguka mji mzima..."

"Hapo." Ngollo aliinua kidole. "Hapo ndipo nilipokuwa nataka ufike. Ulikuwa na haki ya kunitoa bandani kwako. Ile haki ya kwenda kwa mafundi wote, nani alikupa?"

"Hakuna."

"Hakuna," alirudia Ngollo. Akaketi kwenye gogo. Alimweleza, bila kupandisha sauti, jinsi alivyokwenda mabanda sita akiomba hata kazi ya kuziba pancha, na wote wakimtazama mikono kama mwizi. Jinsi yeye na Theodora walivyokaa mwaka mzima kwa wakwe, na yeye mtu mzima, akiogopa hata kuongeza ugali. Alimweleza pia kwamba ile habu aliitoa kwa tamaa tu. Hakuwa na mgonjwa, hakuwa na dhiki. "Watu wananitafutia sababu. Sina. Niliiona nzuri nikaitaka."

Ndipo Shaban alipomsimulia habari ya Lugembe na msimu wa Usinge. Ngollo alisikiliza mpaka mwisho, na kwa mara ya kwanza siku ile alitabasamu.

"Mzee Awadhi! Mzee Awadhi aliyekuwa ananikagua kucha?"

"Huyohuyo."

Walicheka wote wawili, si kwa muda mrefu.

"Nifanye nini?" aliuliza Shaban. "Sema. Kama ni kulima, nitalima."

"Shamba langu linalimwa na trekta," alisema Ngollo. "Sihitaji jembe lako. Wale mafundi uliowaambia, warudie. Mmoja mmoja, kama ulivyokwenda mwanzo. Uwaambie ulichoniambia mimi."

Ingekuwa rahisi zaidi kulima. Jumatatu Shaban alifunga banda mchana akaanza kuzunguka. Katika wale mafundi kumi na wanne aliowaendea zamani, wanne walikuwa wamekufa na wawili wamehama. Kwa waliobaki alisimama mbele ya kila banda na kusema maneno yaleyale: kwamba Ngollo alikosa mara moja, kwamba yeye alimkosea zaidi kwa kumfungia milango, na kwamba baba yake mwenyewe aliwahi kufanya kosa lilelile. Mmoja alisema hata hamkumbuki Ngollo. Mwingine, Hamoudi wa Gongoni, alimwambia ni upuuzi kufukua mambo ya kale na kumvua nguo marehemu. Shaban alikubali kwamba huenda ni kweli, akamaliza alichokuja kusema, akaenda banda linalofuata. Najiat alijitolea kumsindikiza, akamkatalia. Siku ya tatu alimkubalia, na alipokuwa naye maneno yalitoka kwa shida zaidi.

Ngollo hakurudi kufanya kazi ya baiskeli. Mashine inamtosha, na Theodora ana kikundi chake cha ufugaji nyuki kulekule. Lakini mwezi wa nane alikuja mjini kutafuta mkanda wa mashine, na alipoukosa dukani alipita Ng'ambo. Aliingia bandani saa nne asubuhi, watu wakiwa wengi, akavuta kibao akaketi pale anapoketi mtu aliyezoea. Shaban aliagiza kahawa. Najiat alikuwa hajazungumza naye tangu akiwa na miaka kumi na mbili, akamwamkia, akamwuliza upana wa puli, yale magurudumu yanayozungusha mkanda wa ile mashine. Ngollo akamwonyesha kwa vidole. Najiat akasema hizo puli hazilingani, ndiyo maana mikanda inakatika. Ngollo akasema amefunga puli kabla yeye hajaingia chuo. Shaban alisema aliisikia ile mashine kwa masikio yake, na binti yuko sahihi, mkanda ulikuwa unavuta upande.

"Basi njooni muipime," alisema Ngollo, akapuliza kahawa yake. "Jumamosi. Njooni wote wawili, Theodora atapika."