Mstari Ambao Nziza Hakuusema

Jamani, nimewahi kumkuta mjukuu wangu amekaa kando ya kaburi la mama yake, sweta la marehemu mapajani, anamsubiri atoke.

Sikuota. Ilikuwa mchana kweupe, hapa hapa Gisenyi.

Wiki ile mlima wa moto ng'ambo ya mpaka ulikuwa umelipuka na ardhi haitulii. Sahani zinacheza kabatini. Ukuta unapasuka huku unautazama. Watu walifunga magodoro wakashika njia.

Na mimi nilikuwa nafunga langu. Nikaita, "Nziza, njoo ushike kamba!"

Hakuna Nziza.

Simu ikalia. Alikuwa Gatete.

"Bibi, Nziza yuko huku makaburini. Hataki kuondoka. Tafadhali njoo."

Makaburini? Nikaliacha godoro palepale.

Huyu Gatete ni kiongozi wa kikundi cha wanafunzi Wakristo chuoni kwao Nziza. Hukutana sebuleni kwangu kila Jumapili alasiri. Yumo Mkatoliki, yumo Msabato, yumo Mpentekoste. Kabla ya yote husimama na kukiri kwa sauti moja yale ambayo wote wanayaamini. Mungu ni mmoja, Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Biblia ni neno lake. Sisi ni wenye dhambi, hatuwezi kujiokoa. Yesu alikufa kwa ajili yetu, akafufuka. Atarudi, na wafu watafufuliwa.

Wakianza kubishania Sabato au rozari, Gatete hugonga meza. "Hilo libaki nje na viatu!" Wanacheka, wanakunywa chai yangu.

Sasa nikadhani nimeelewa. Wamemjaza mtoto kichwa. Kaona ardhi inatikisika, kaamini leo ndiyo siku ya mwisho, kaenda kumpokea mama yake.

Dative, binti yangu, tulikuwa tumemzika mwaka uliotangulia.

Nilitoka barabarani nikipunga mkono. Pikipiki zinanipita zimejaa watu na mizigo. Moja ikasimama. Dereva wake ni Bizumuremyi, kijana ninayemjua kwa sura tu.

"Mukecuru," akaniita, yaani bibi kizee, "unakimbilia Nyamyumba kama wengine?"

"Makaburini."

"Mana we! Batu bote banakimbia, weye unaenda kulala na maiti?"

"Mjukuu wangu yuko huko."

Hakutania tena. Alivua kofia yake ngumu, akanifunga kidevuni polepole, kama anamvalisha mtoto. Yeye akaenda kichwa wazi.

Barabara ilikuwa imepasuka katikati, ufa wa kumeza mguu. Tukapita ukingoni. Mara ardhi ikatikisika, pikipiki ikayumba kama mlevi. Nikafumba macho. Niliogopa, lakini si kwa ajili yangu. Kaburi la Dative liko kwenye mteremko.

Tulipofika niliwaona. Nziza ameketi kwenye udongo, macho kwenye msalaba. Gatete ameketi kando yake.

Nikamvaa Gatete. "Haya ndiyo mnayofundishana?"

Alisimama kwa heshima. "Hapana, Bibi. Siku hiyo hakuna aijuaye. Hata hilo tunaliamini."

"Basi wewe unafanya nini hapa?"

"Nziza yuko hapa."

Ardhi ikaanza tena.

Hii ilikuwa kubwa. Misalaba ilitetemeka yote kwa pamoja. Udongo wa kaburi la jirani ukadidimia mbele yetu. Nilimkumbatia Nziza nikapiga kelele. Yeye hakupepesa hata jicho. Alikuwa anaangalia kaburi tu.

Ikatulia.

Hakuna aliyetoka.

"Mwanangu," nikamwambia, "mama atafufuka, ila si leo. Twende."

"Bibi, mimi siamini."

Nilidhani sijasikia vizuri.

"Tukikiri, tukifika hapo kwenye wafu watafufuliwa, mimi hunyamaza. Tangu mama afe. Na Jumapili hii wanataka nisimame peke yangu nikiri yote, ndipo niongoze maombi. Nitawadanganyaje? Nikasema kama ni kweli, leo ardhi inavyofunguka nitaona. Nimekuja kuona."

Kumbe imani haikumleta. Alikuja kwa sababu haikuwepo.

"Na sweta la nini?"

Akalikumbatia. "Isije ikawa kweli, Bibi, akatoka akasikia baridi."

Nikamgeukia Gatete kwa hofu. Nilijua sasa atamhukumu, na mtoto atawapoteza na wenzake pia.

Gatete akasema taratibu, "Najua kwamba hunyamaza."

Nziza akamtazama. "Unajua?"

"Si nasimama kando yako? Ukifika pale ukakaa kimya, mimi huongeza sauti ili wenzetu wasisikie pengo."

"Kumbe ndiyo maana huwa unabweka vile!"

"Ndiyo maana. Koo linaniuma kila Jumapili."

Nziza akacheka, kisha kicheko kikageuka kilio. Jamani, mtoto huyu hakuwa amelia tangu mazishi.

"Jumapili usikiri usichokiamini," Gatete akamwambia. "Maombi ataongoza mwingine. Wewe njoo tu, usimame palepale."

Honi ikalia langoni. Bizumuremyi hakuwa ameondoka.

"Mukecuru! Kama bako bazima, bakuje! Hapa si pa kulala!"

Tukashuka wote, Gatete amemshika Nziza mkono wa kulia, mimi wa kushoto.

Ardhi ilitulia baadaye, tukarudi nyumbani. Kikundi bado hukutana sebuleni kwangu. Nziza bado hasemi mstari ule, na hakuna aliyemfukuza. Nami sasa husimama upande wake wa pili, naongeza sauti yangu ya kizee.

Wazazi wenzangu, watoto wakikiri imani kwa pamoja, msifurahie kelele tu. Sikilizeni nani amenyamaza, na anyamazia wapi. Msimkaripie. Huenda hapo ndipo alipomzika mtu. Simameni karibu naye, mumsemee mpaka apate sauti.