Somo la Ujerumani

Leo pale Kenyatta Market mama mmoja alimwagia makaa mafuta ya taa, na harufu ile ikanirudisha utotoni, kwenye chumba chetu cha mabati karibu na Dagoretti Corner.

Mama yangu alikuwa akikoroga uji kwenye stovu ya mafuta ya taa. Baba, aliyekuwa mwalimu, alikuwa akimsomesha dada yangu historia kwa ajili ya mtihani.

"Wabunge wa Ujerumani wenyewe walipiga kura, kiongozi atunge sheria bila wao."

"Walikubali tu?"

"Wengine walikuwa wamefungwa, na wanamgambo walijaa ukumbini. Baadaye vyama vyote vikapigwa marufuku, kikabaki cha Wanazi peke yake."

"Chama kimoja, kama hapa kwetu?"

Mama aliacha kukoroga. Upande wa pili wa ukuta aliishi mwenyekiti wa chama tawala mtaani. Redio yake ikazimwa, kisha tukasikia hodi.

"Mwalimu," alisema mwenyekiti kwa upole, bila kuingia, "hilo somo ni la nchi gani?"

"Ujerumani."

"Basi itaje mara nyingi. Mabati haya yanapitisha sauti."

Alipoondoka, baba alianza somo upya, akiitaja Ujerumani katika kila sentensi, kwa sauti ya kufika nje. Dada aliandika kila neno. Hakuuliza tena.