Siku Nilipolisugua Bomba kwa Ndimu

Aibu hii ni yangu na siifichi, maana kijiji kizima cha Kalembe kilishacheka, na shati langu jeupe la kanisani hadi leo lina madoa mekundu tumboni.

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Niliunda mtambo wa kukamua mafuta ya mikaratusi kwa mvuke: pipa la chuma, juu yake bomba la chuma, mwishoni kipande cha bomba la inoksi, chuma kile kisichoshika kutu, nilichokitoa kule Ngungu. Ulifanya kazi miezi mingi bila lawama. Basi Mama Bahati, mkubwa wa chama cha akina mama, akatuma habari kwamba kesho wanakuja kuutazama, ukiwapendeza nitawaundia wa kwao, la sivyo wataagiza Goma.

Sasa kwetu mgeni akija, sufuria husuguliwa mpaka ujione uso. Nikachungulia bombani, ndani kweusi tii! Nikachukua majivu, mchanga na ndimu, nikasugua bomba zima, chuma na inoksi, likang'aa, nikaliacha na maji yake ndani mpaka asubuhi. Pipa sikuligusa (uvivu, nakiri).

Akina mama wakafika, moto ukakolea, bomba likakohoa, pwaa! Maji mekundu yakanirukia tumboni.

"Papa Fundi," Mama Bahati akauliza, "hii njo mafuta ao ni damu?"

"Hapana damu, Mama. Iko kutu."

"Basi twende zetu," akawaambia wenzake.

Nilitamani ardhi inimeze, lakini hasira zikanipanda, nikazima moto, nikafungua kila kitu mbele yao kabla hawajaondoka. Chuma nilichokisugua, kutu tupu. Pipa nisiloligusa, ndani jeusi vilevile na halina kutu. Inoksi niliyoisugua kwa ndimu ileile, safi! Hapo nikapiga kelele kama aliyeokoka: ule weusi haukuwa uchafu, ni ngozi ambayo mvuke wenyewe umekivika chuma, nami nimekichuna! Inoksi hujirudishia ngozi yake papo hapo.

Nikatupa bomba la chuma, nikafunga inoksi moja kwa moja juu ya pipa, tukawasha tena. Mafuta yakatoka maangavu, harufu ikawafanya wote wapige chafya, na mimi nikacheza pale pale na shati langu la madoa.

"Utatutengenezea yetu," Mama Bahati akasema huku akijifuta machozi ya kicheko, "yote ya inoksi. Lakini ndimu tutaichunga sisi."

Tangu siku hiyo nimeapa: wageni wakija nasugua viti, nasugua hata miguu yangu. Pipa nalifunua, nawaonyesha weusi wake, najivuna.