Leodgar, Mwongoza Njia wa Mbuga ya Choma

Leodgar wa Choma alikuwa na miguu mizuri kabisa, ila hakupenda kuitumia. Ujana wake wote aliumalizia juu ya magunia ya pamba, akiwa utingo wa lori lililozunguka vijijini na kupeleka mzigo Nzega. Nchi yake aliijulia huko juu, upepo usoni, akiwapungia mkono waliokuwa wakienda kwa miguu. Lori lilipouzwa kama chuma chakavu, alirudi nyumbani akakaa. Alikaa kwelikweli! Hata chumvi ikiisha, alingoja bodaboda.

Sasa mtu wa namna hii, jamani, ndiye aliyeteuliwa kuongoza watembeaji.

Ilikuwa hivi. Kijana mmoja mstaarabu wa Mtendeni, mjini Tabora, Samweli kwa jina, alikuwa amebuni Njia ya Wapagazi: safari ndefu ya miguu, kufuata ilikopita misafara ya zamani na kuikatiza mbuga yote na nyasi zake. Watu wa Choma walipoelezwa kwamba wageni watalipa ili watembee juani, walimtazama kijana wa watu kwa huruma. Wao hutembea kila siku, na hakuna hata mmoja aliyewahi kupongezwa. Samweli akauliza kama yupo mzee anayeijua njia ya zamani. Leodgar, aliyekuwa kwenye benchi la muuza kahawa, akakohoa.

"Babu yangu alikuwa pagazi," alisema. "Alibeba pembe mpaka pwani. Njia hiyo naijua kama sahani yangu ya ugali."

Babu yake alikuwa mrina asali, na pwani aliisikia tu. Lakini Samweli alikuwa ameshaingiwa na imani. Akamvika fulana yenye maneno MWONGOZA NJIA mgongoni, na Leodgar akawa analala nayo.

Msimcheke upesi. Tangu lori lile liondoke, hakuna aliyemwuliza Leodgar jambo lolote. Kwenye mikutano ya kijiji aliketi, akanyanyuka, akaenda zake, na asingekuja ingekuwa vilevile. Sasa watu walimpa shikamoo wakiwa bado mbali. Kuumbuka mbele ya wageni wale kungemrudisha kwenye kiti chake uani, na safari hii asingenyanyuka tena. Mkewe, Gaudensia, alilijua hilo kuliko yeye mwenyewe, na lilimnyima raha.

Gaudensia ndiye aliyeijua mbuga. Alizaliwa ng'ambo ya pili, na kila kiangazi aliikatiza kwenda kukata nyasi za kuezekea. Jioni ya kuamkia safari ya kwanza alimwuliza mumewe taratibu, "Baba Janeti, lakini njia unaijua?"

"Mimi?" Leodgar alifoka. "Unaniuliza mimi?"

"Basi, yaishe," alisema mama wa watu, akaendelea kupepeta mchele.

Kulipokucha hakuwepo. Leodgar alidhani amewahi misa ya asubuhi, akanung'unika kwamba hakuachiwa hata chai.

Wageni walikuwa wachache, wengine wa Dar, wengine wa ng'ambo, kila mmoja na fimbo zake mbili za kutembelea ingawa hakuna aliyechechemea. Mwanzo mambo yalikwenda vizuri, kwa sababu njia ilikuwa moja. Leodgar alitangulia kifua mbele, akisimulia babu yake alivyopambana na simba mahali hapohapo. Kisha njia ikagawanyika.

Kulia nyasi, kushoto nyasi, na Samweli nyuma yake akisubiri hekima. Ndipo alipoona tawi bichi, lenye majani yake, limelazwa katikati ya njia ya kushoto. Oo! Lugha hiyo Leodgar aliielewa. Ni mara ngapi yeye mwenyewe alikata majani akayatandaza barabarani, lori lilipozima, ili wenye magari wajue kuna gari limekwama mbele? Penye majani pana gari, na gari halikuanguka toka mbinguni, limepita barabara. Akashika kushoto kwa furaha, akalivuka lile tawi.

Mbele njia zile mbili zilikutana, zikagawanyika tena; akaona tawi jingine, akalivuka na hilo. "Tumekaribia," alisema.

Walichokikaribia ni tope. Mvua zilikuwa zimeisha juzijuzi tu, na udongo mweusi wa mbuga ukishalewa maji haumwachii mtu. Wakazama mpaka magotini. Viatu vyeupe vya Samweli vilikwenda na havikurudi. Leodgar alisimama katikati ya tope amekauka, akijua kwamba yamekwisha.

"Hodi huko!" sauti ya mwanamke iliita.

Gaudensia alikuwa amesimama pakavu, panga mkononi, kanga imelowa umande hadi kiunoni. Pale kwao anayetangulia huifunga njia mbaya kwa tawi ili wa nyuma wasipotee. Mtoto anayechunga mbuzi analijua hilo, na hata Leodgar aliwahi kulijua, kabla ya kupanda lori. Alfajiri yote mkewe alikuwa akimfungia njia mbaya moja baada ya nyingine. Naye alikuwa amezichagua zote.

"Karibuni wageni!" Gaudensia alisema kwa uchangamfu. "Baba Janeti, umeona uwaonjeshe na tope kidogo?"

Samweli uso ukamng'aa. "Taabu halisi ya wapagazi!" aliwaambia wageni, nao, weusi mpaka magotini, wakashangilia. Mmoja aliomba apigwe picha kabla hajatolewa.

Walipofika pakavu, Leodgar hakuweza kustahimili. Aliutazama ule umande kwenye kanga ya mkewe, akamgeukia Samweli.

"Bwana Samweli," alisema, "mimi njia siijui. Babu yangu alirina asali. Anayeijua mbuga ni mke wangu huyu. Mimi ni mwongo."

Kisha Samweli akacheka, akamshika bega.

"Mnaona?" aliwageukia wageni. "Hawa ndio wazee wetu. Wanajua kila kitu, na bado wanajishusha!"

Wakampigia makofi. Leodgar akarudia kwa sauti zaidi kwamba ni mwongo, wakapiga makofi zaidi.

Gaudensia alimvuta pembeni, akachuma majani na kuanza kumfuta tope miguuni.

"Nyamaza sasa, utawachosha," alimnong'oneza. "Juma lijalo nitatangulia tena."

"Hapana, mama. Juma lijalo tutatangulia wote. Unifundishe."

Gaudensia alinyanyua uso, akamtazama mtu huyu aliyemdanganya kila mmoja, mpaka nafsi yake. Kati ya wote waliokuwa mbugani siku ile, ni mkewe peke yake aliyesadiki kwamba safari hii alisema kweli.