Kopo la Chumvi la Papa Hippolyte

Papa Hippolyte alikuwa kontrolere, mkaguzi wa tiketi za treni, kwa miaka thelathini na moja, kati ya Kalemie na Kabalo, na kazi hiyo haikumtoka hata alipostaafu. Alishawavuta watu wazima chini ya viti. Alishamkuta padri wa uongo na mjamzito wa mto wa kulalia. Baada ya hayo, usimwambie kuna binadamu asiyeficha kitu. Sasa ana miaka sabini, na abiria wa kukagua amebaki mmoja tu: mke wake, Mama Rosine.

Na mwaka huu Mama Rosine alimpa sababu.

Ilianza wakati wa Kwaresima, mezani. Samaki walikuja weupe, bila mawese, bila chumvi, nyanya mbili na kitunguu basi. Hippolyte akadhani mke amesahau. Kesho yake vile vile. Siku ya tatu akarudisha tonge la ugali wa bukari kwenye sahani.

"Mama Prospère," alisema, kwa jina la mtoto wao wa kwanza, "chumvi iliisha?"

"Haikuisha. Njo vile nimepika."

"Juu ya nini?"

"Juu tumezeeka, Papa Prospère. Kula tu."

Jibu gani hilo? Uzee na chumvi vina undugu gani? Marehemu mama yake Hippolyte alikuwa akimwambia tangu utotoni kwamba walozi hawagusi chumvi, chakula chao ni chapwa. Hippolyte ni Mkatoliki, na mambo hayo husema hayaamini. Lakini mchana ule hakumaliza sahani.

Kisha zikaja safari za asubuhi. Mama Rosine alianza kutoka kila alfajiri, peke yake, na kurudi jasho likimtoka. Mwanamke wa miaka sitini na sita anakwenda wapi bila kikapu? Hippolyte akamfuata kwa mbali, jinsi alivyokuwa akifuata wezi kutoka behewa hadi behewa. Mke akatembea mpaka daraja la mto Lukuga, akagusa chuma cha daraja, akageuka. Basi. Hakuonana na mtu, hakununua hata nyanya. Mtu mwenye akili zake hagusi chuma na kurudi nyumbani. Hippolyte alisimama mara mbili njiani akijidai kufunga kamba ya kiatu, maana pumzi ilikuwa imemwishia, na hilo nalo akaliweka kwenye hesabu ya mke.

La tatu lilikuwa Hélène, dada mkubwa wa Rosine, mjane aliyeishi nao katika chumba cha nyuma. Siku moja mlango ulikuwa wazi, Hippolyte akaona mfuko wa Hélène chini ya kitanda, umejaa, umefungwa kwa kamba. Anayefunga mzigo anajua kitu kinachokuja. Hapo Hippolyte akawa na hakika: wale dada wawili wanataka kumwua.

Mtu wa namna hii ni hatari, na alishakuwa hatari kabla. Mdogo wake Kizito, mpenzi wa pombe kali ya lutuku na samaki wa chumvi, alianguka uani mdomo umepinda, akafa siku ya pili. Waganga wa hospitali walisema tansio, shinikizo la damu. Hippolyte akakataa. Mwanaume mwenye nguvu zile auawe na namba? Akasimama mbele ya familia nzima, akamnyooshea kidole cha ulozi mama mkwe wa Kizito, kizee aliyekuwa amekaa zake akichambua maharage. Juma halikuisha, kizee akapakiwa kwenye mtumbwi wa kwenda Mpala. Hakurudi.

Safari hii Hippolyte hakusema kitu kwa familia. Alichukua kopo la zamani la tumbaku, akalijaza chumvi ile wasiyoigusa walozi, akalitia mfukoni mwa koti. Kila mchana chakula kikishawekwa alilifungua, akamwaga chumvi kwenye bakuli mpaka roho ikatulia, akakoroga, akalisukuma upande wa mke.

"Onja."

Kwao anayeleta chakula huonja kwanza, na mke anayekataa kuonja chungu chake mwenyewe amekwisha kujihukumu. Tonge moja halikumtosha Hippolyte. Alitaka nusu ya bakuli iliwe mbele ya macho yake. Mama Rosine alikula polepole, kichwa chini, akinywa maji kila baada ya tonge. Hippolyte alikiangalia kile kichwa kilichoinama, akaona hatia tupu.

Ikapita miezi mitatu. Miguu ya Mama Rosine ikaanza kuvimba, akaacha viatu vyake, akavaa sandali za mumewe. Daraja likamshinda, akawa anageukia njiani. Hippolyte akajiambia kwamba ile kazi mbaya inamrudia mwenyewe. Aliogopa, na tusimfichie, alifurahi pia.

Jumanne moja mke akavaa kitenge cha misa na kutoka. Misa ya Jumanne? Hippolyte akachukua kofia, akafuata. Mama Rosine akaingia kwenye kituo kidogo cha afya, mahali ambapo wazee walikuwa wamejaa kwenye mabenchi. Hippolyte akajibanza nje, kando ya dirisha. Humo ndani muuguzi aliyeitwa Mama Joëlle alimfunga Rosine mkanda mkononi, akapiga pampu, akasoma namba.

"Tansio imepanda, kumi na tisa kwa kumi na moja. Mwezi uliopita ilikuwa kumi na saba. Vidonge unakunywa?"

"Kila asubuhi."

"Kutembea?"

"Nilikuwa nafika ku daraja. Sasa miguu inakataa."

"Na chumvi?"

"Napika bila chumvi, Mama."

"Siulize unapika namna gani. Nauliza unakula namna gani. Moyo wako umechoka, maji imeanza kujaa mu miguu. Ukiendelea hivi hautafika Noeli. Unanificha nini?"

Hippolyte alisubiri. Katika miaka thelathini na moja, kila aliyemkamata chini ya kiti alimtaja mwenzake. Alisubiri mke aseme, ni bwana yangu.

"Ni miye nakosa," alisema Mama Rosine. "Nitajikaza."

Mkono wa Hippolyte ulikuwa mfukoni, juu ya kopo. Aibu ilimshika mpaka masikio yakawaka. Akaingia, wazee wote wakageuka, akaliweka kopo juu ya meza.

"Yeye hakosi kitu. Njo miye namulisha."

Mama Joëlle akafungua, akaonja kwa ncha ya kidole. Akamvutia kiti.

"Ikala, Papa. Leta mukono."

Tansio ya Hippolyte ilikuwa kumi na nane. Muuguzi akamwambia kwamba mke alimpikia vizuri, na kwamba hata zile hatua za daraja zingemfaa naye. Hippolyte hakueleza kwamba alikwisha kuzipiga, na kwa nini.

Walirudi nyumbani kwa mwendo wa miguu ya Rosine, yaani polepole sana.

"Juu ya nini haukuniambia?" aliuliza Hippolyte.

"Ningekuambia moyo wangu unagonjwa, ungeuliza nani amenifanyia. Na kule nyuma kwetu analala nani?"

"Hélène," alisema Hippolyte.

"Siku nilijua ugonjwa, nilimwambia Hélène. Njo siku alifunga mufuko. Anakumbuka yule mama mukwe wa Kizito."

Walipofika, Hélène alikuwa amekwisha kupakua chakula. Alipowaona wanaingia pamoja, na uso wa shemeji yake ulivyokuwa, akajua zamu yake imefika. Akafuta mikono kwenye kitenge, akaingia chumbani, akatoka na mfuko.

"Hélène, rudisha huo mufuko," alisema Hippolyte.

Hélène akabaki nao mkononi. Basi Hippolyte akaketi, akavuta bakuli, akakata tonge, akachovya, akala yeye wa kwanza mbele yao wote wawili. Ilikuwa chapwa. Akameza, akalisukuma bakuli katikati.

"Mukuje tukule, mama zangu."

Rosine akaketi. Baadaye Hélène naye akaketi, akala. Lakini mfuko aliuweka karibu na mguu wake, na kamba hakuifungua.