Lori la saruji limezama chooni kwangu

Nimeendesha lori miaka thelathini, sijapotea hata siku moja.

Haya, uongo. Nilikuwaga utingo wa kushika ramani ya karatasi, na tulipoteaga sana. Ila chooni kwa mtu hatukuwahi kuingia!

Leo asubuhi, hapa Nyasura, lori la saruji la kwenda Butiama limeingia uani kwangu.

"Kijana, hiyo siyo barabara. Hiyo ni njia ya mbuzi, na ya mimi kwenda chooni."

"Mzee, simu inaonyesha inapita."

Nikamletea ramani yangu ya zamani. Akaifungua, akacheka. "Babu, Butiama yote imeliwa na panya!"

Kweli imeliwa.

Simu ikamwambia akate kushoto. Kushoto ndiko chooni.

Tairi la nyuma likazama, uchafu ukaruka mpaka kwenye shati langu la kanisani, na yule dada wa kwenye simu bado anasema, "Endelea moja kwa moja."

Ptuu! Nimeoga mara tatu, mbuzi bado wananikimbia.

Mnaocheka nawaona.

Lori litavutwa kesho. Mama Bhoke jirani yangu, pikipiki yako ilipokwama matopeni niliisukuma mimi. Naomba ufunguo wa choo chako. Sasa hivi, mama.